Sosi ya Kushoto

TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WOTE WA IDARA YA VIPIMO NA MIZANI

Mnatangaziwa kwamba meza mpya ya kupashia chakula imewasili kantini, na kwamba ina mabeseni manne. Kwa kuwa beseni la kwanza ni la wali, la pili ni la samaki na jamii zake zote za baharini, na la tatu ni la mboga, limebaki beseni moja tu la sosi. Kwa hiyo, kuanzia Jumatano ya wiki ijayo, sosi zinazoandaliwa pamoja na vyakula vya baharini hazitakuwa mbili kama ilivyozoeleka, bali moja. Sosi hiyo itachaguliwa Alhamisi hii kwa njia ya haki, ya wazi na inayopimika. Mwenyekiti wa zoezi hilo atakuwa Mkaguzi Mkuu wa Mizani, kutokana na sifa yake ya kutopendelea upande wowote.

Mkurugenzi.

Mkaguzi Mkuu wa Mizani alilisoma tangazo hilo mara tatu, amesimama mbele ya ubao, mikono nyuma, kama mtu anayesoma hukumu yake iliyopigwa chapa vizuri. Hakuona mahali pa kulikosoa, na hilo ndilo lililomkera. Hata ile sifa aliyopewa ilikuwa ya kweli. Katika miaka thelathini na mmoja ya kazi aliwahi kuifungia mizani ya bucha la jirani yake wa ukuta mmoja, siku moja tu baada ya kula maini ya bucha hilo na kuyasifu. Sokoni wauzaji walipomwona akikata kona walianza kufuta sahani za mizani zao kwa vitambaa, na mkewe alikuwa amempiga marufuku kuandamana naye kununua hata kitunguu.

Lakini Mkurugenzi alikuwa amesahau jambo moja, au alijifanya hamnazo: kwamba kati ya wale wapishi wawili wa kantini, mmoja ni dada yake Mkaguzi, wa baba mmoja na mama mmoja, na wa pili ni mke wake wa ndoa.

Hakuna ofisini aliyewaita kwa majina. Kwa kuwa wenyewe waliitana wifi kutwa nzima, tangu kuwasha jiko hadi kufunga mlango, idara yote ilifuata mkondo huo. Dada mtu akawa Wifi Mkubwa, mke akawa Wifi Mdogo, na hata Mkurugenzi, mtu asiyekuwa na udugu wowote nao, alisikika mara nyingi dirishani pa jikoni akisema, "Wifi, niongezee kamba wawili."

Kila Jumatano kantini ilitoa vyakula vya baharini: samaki wa kuchoma, kamba, ngisi, na pweza siku ambayo bei yake iliingiwa na aibu ikashuka. Kando yake yalikaa mabakuli mawili ya sosi. Zote mbili zilikuwa za ndimu, pilipili na kitunguu saumu. Zote mbili zilikuwa na rangi moja ya dhahabu iliyopauka. Na kila mmoja wa wapishi hao alikuwa tayari kuapa kwamba ya kwake ndiyo sosi halisi ya marehemu mama, ambaye kwa Wifi Mkubwa alikuwa mzazi, na kwa Wifi Mdogo alikuwa mama mkwe.

Marehemu, alipokuwa hai, aliitengeneza mwenyewe na kuwaachia hao wawili kazi ya kukatakata. Hakuandika kitu. Kwa binti yake alizoea kusema, "Kamua ndimu, usiionee huruma." Kwa mkwewe alizoea kusema, "Pilipili hiyo unaihesabu ya nini? Na sukari kidogo, mwanangu, ili isigombane." Kila mmoja aliyachukua maneno aliyoambiwa akayafanya ndiyo mapishi yote. Kwa hiyo sosi ya Wifi Mkubwa ilikuwa chachu ya kufumbisha jicho moja, isiyojua sukari. Na sosi ya Wifi Mdogo ilikuwa kali, yenye utamu uliojificha nyuma, uliokuja kuomba radhi baada ya ukali kupita.

Miaka mitatu tangu mazishi, tofauti hiyo ilikuwa imekaa kimya, na sababu ya ukimya wake ilikuwa mabakuli mawili. Kila Jumapili mchana familia ilikula pamoja katika nyumba ya marehemu, ambamo sasa Wifi Mkubwa aliishi. Mabakuli mawili yaliwekwa mezani, hakuna aliyesema neno, na Mkaguzi alichovya mara tatu katika hili na mara tatu katika lile, akihesabu moyoni bila kuonyesha. Katika maisha yake hakuamini vitu vingi. Hakuamini ndoto, hakuamini ahadi za mafundi, na maneno "kama kilo moja hivi" aliyahesabu kuwa kosa la jinai. Lakini meza hiyo ya Jumapili aliiamini, kwa sababu ndiyo kitu pekee cha mama yake kilichokuwa bado kinafanya kazi.

Sasa sosi moja ingeshinda kwa barua yenye mhuri. Na hapakuwa na haja ya kubahatisha nini kingefuata, maana wahusika walimweleza wenyewe.

"Nimesoma tangazo lenu," alisema Wifi Mdogo jioni ile, akimmiminia chai. "Sina neno. Haki ni haki."

"Vizuri."

"Ila ikishinda ya wifi, Jumapili uende peke yako. Mimi nitakuwa na kazi."

"Kazi gani?"

"Nitaitafuta, mume wangu. Kazi hazikosekani."

Asubuhi yake Wifi Mkubwa alimvuta kando ya dirisha la kantini na kumpa sahani ya chapati ambayo hakuiagiza.

"Mdogo wangu, mimi siombi kupendelewa."

"Najua, dada."

"Nimekubeba mgongoni mpaka ukajua kusema, lakini hilo tuliache."

"Tuliache."

"Ninachosema ni kimoja. Mkeo akishinda, basi Jumapili mkae kwenu mle sosi yenu. Mimi nitajikaangia yai. Yai halina maneno."

Mkaguzi alikula chapati ile akiwa amesimama. Ilikuwa chapati nzuri, na kwa mara ya kwanza maishani alijiuliza kama kuimaliza kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kupokea rushwa. Akaimaliza, akakata shauri kwamba iliyoliwa haiwezi tena kuwa kielelezo.

Alhamisi ilipofika, haki, uwazi na vipimo viliingia kantini kwa pamoja. Jikoni kulitundikwa kitambaa cha meza juu ya kamba ya kuanikia, ili wapishi wasichunguliane. Mwanzoni zilisikika sauti mbili za visu vikigonga ubao, kisha sauti ya mtu akifungua mkebe taratibu kupita kiasi, kisha kimya. Ilipotimu saa sita kasoro robo kila mpishi alipitisha sufuria yake dirishani, na iliyopokea ilikuwa mikono ya Mtunza Vipimo.

Huyu alikuwa mtu mwembamba, mwenye dhamana ya kabati la kioo ambamo mawe ya mizani ya taifa zima yalilala juu ya mahameli. Alivaa glavu nyeupe kazini, na ilidaiwa kwamba hata nyumbani alishika mkono wa mtoto wake kwa namna ya kutoacha alama ya kidole. Hakuwa mtu wa kusema mpaka aulizwe. Yeye peke yake ndiye aliyejua sufuria ipi ni ya nani. Alizimimina sosi katika mabakuli mawili ya chuma, pacha kwa kila hali, akaliweka moja kushoto na moja kulia, akaandika jambo katika kijikaratasi na kukiingiza mfukoni.

Waonjaji walikuwa ishirini na wawili. Kwa kuwa kantini haikuwatosha wote kwa wakati mmoja, kumi na mmoja waliingia saa sita na kumi na mmoja saa saba. Kila mmoja alipewa kamba wawili, kipande cha ngisi, na karatasi yenye maneno mawili tu, KUSHOTO na KULIA, aweke alama kwenye moja na kuitumbukiza sandukuni. Kura ya siri haikuwa anasa. Hakuna mtu mwenye akili zake aliyekuwa tayari kutamka mbele ya dirisha la jikoni kwamba sosi ya fulani ni bora, ilhali Jumatano inayofuata atalazimika kusimama mbele ya dirisha hilohilo ameshika sahani tupu.

"Mkuu," alisema dereva wa idara, "naomba kuonja tena. Sijaelewa."

"Umeshaonja mara nne," alisema Mkaguzi.

"Ni kweli. Lakini hiyo ya nne ndiyo ilikuwa imeanza kunieleza."

"Weka alama."

"Na mwenye kamba waliobaki ni nani, Mkuu?"

"Serikali."

Dereva akaitazama sahani ya kamba kwa heshima mpya, akaweka alama, akaondoka akijifuta kidevu.

Sanduku lilifunguliwa alasiri katika ofisi ya Mkurugenzi, mbele ya watu wanne: Mkurugenzi mwenyewe, Katibu wake, Mtunza Vipimo na Mkaguzi. Katibu alisoma karatasi moja moja kwa sauti ya kusoma majina ya waliofaulu, na Mkurugenzi akachora mistari ubaoni. Ilipofika karatasi ya mwisho, Mkaguzi alikuwa ameshaona mambo yanakokwenda.

"Kushoto, kumi na moja," alisema Mkurugenzi. "Kulia, kumi na moja."

Kila mmoja akatazama kitu kisichokuwa Mkaguzi.

"Kwa mujibu wa utaratibu," aliendelea Mkurugenzi kwa upole wa daktari, "kura ya kukata shauri ni ya mwenyekiti."

"Nina undugu na wahusika," alisema Mkaguzi. "Natangaza hivyo rasmi."

"Na wote wawili, si ndiyo? Undugu ukiwa pande zote mbili, unajifuta wenyewe. Wewe mwenyewe hutufundisha hivyo kwenye mizani."

Alikuwa amenaswa kwa kamba yake. Yakaletwa mabakuli mawili, kila moja likiwa limebakiwa na kijiko cha mwisho, pamoja na kamba wawili wa Serikali walionusurika na dereva. Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Asubuhi ile, akinyoa ndevu, alikuwa amelipima jambo hili lote: dada anaonana naye dirishani pa kantini na mezani Jumapili, mke anaonana naye kila siku, tena amelala upande wa ukutani. Hesabu ilikuwa wazi. Lakini sasa, kijiko kikiwa mkononi, mazoea ya miaka thelathini na mmoja yalimshika kola. Hakuwahi kuandika kwamba mizani ni sawa wakati haikuwa sawa, na hakujua mkono wake ungeandikaje.

Akachovya kushoto. Ndimu ilimjia mbele kabisa, kavu, isiyo na huruma, na jicho lake la kulia likajifumba lenyewe. Hapo aliona, bila kutaka, kiganja cha mama yake kikiwa kimeloa, na ndimu iliyokwisha kukamuliwa ikiendelea kukamuliwa. Sosi ya dada, alijisemea. Akachovya kulia. Pilipili ilimpanda hadi masikioni, kisha ule utamu wa nyuma ukafika na kumwomba radhi. Sosi ya mke. Nzuri. Nzuri kweli, wala hakuwa na la kuilaumu. Ila si ile iliyomwonyesha kiganja.

Akapiga moyo konde, akaweka alama kwenye KUSHOTO, akaikunja karatasi mara nne, ingawa mara moja ingetosha, kisha akaanza kuwaza ni nini mtu anaweza kununua mchana huu cha kumpelekea mke anayetafuta kazi ya Jumapili.

"Kushoto, kumi na mbili," alisema Katibu.

"Imekwisha," alisema Mkurugenzi, akasugua viganja. "Haya, Mtunza Vipimo, tuambie. Kushoto ilikuwa ya nani?"

Mtunza Vipimo alifikiri.

"Saa ngapi, Mkuu?"

"Saa ngapi namna gani?"

"Kushoto ya saa sita, au kushoto ya saa saba?"

Katibu aliweka kalamu chini. Mtunza Vipimo, akiona ameulizwa na kwamba zamu ya kusema imemfikia, alieleza kwa utulivu. Mizani yoyote ya sahani mbili inaweza kuwa na upendeleo wa upande mmoja usioonekana kwa macho. Dawa yake inajulikana: unapima, kisha unabadilishana sahani, kilichokuwa kushoto kinakwenda kulia, kisha unapima tena. Naye alikuwa ameipima ile meza ya kantini, akakuta imelalia kushoto kwa milimita mbili, jambo linaloweza kumvuta mwonjaji. Kwa hiyo kikao cha kwanza kilipotoka, kabla cha pili hakijaingia, aliyabadilisha mabakuli.

"Nani alikuagiza?" aliuliza Mkurugenzi.

"Hakuna aliyeniagiza, Mkuu. Ndivyo kazi inavyofanywa. Alinifundisha Mkaguzi Mkuu mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza."

Mkaguzi alikumbuka. Alikuwa amemfundisha vizuri sana.

"Na karatasi za saa sita ziko wapi?"

"Sandukuni."

"Na za saa saba?"

"Sandukuni."

"Lilelile?"

"Tulipewa sanduku moja, Mkuu."

Mkurugenzi alizitazama zile karatasi ishirini na tatu zilizochanganyika mezani kama mtu anayetazama wali uliomwagikia mchanga. "Na nyie kwenye mizani," alisema hatimaye, "mkishapima mara mbili hivyo, huwa mnafanya nini?"

"Tunachukua wastani."

"Wastani wa sosi mbili ni nini?"

Mtunza Vipimo alilipa swali hilo uzito wake wote. "Nusu kwa nusu, Mkuu. Katika bakuli moja."

"Nusu kwa nusu haikupigiwa kura hata na mtu mmoja!"

Kurudia zoezi hakukuwezekana. Kamba walikuwa wamekwisha, na kanuni za idara zilisema kwamba kipimo cha kitu kinachoharibika hakirudiwi. Mkurugenzi akaamuru kwamba uamuzi rasmi utatolewa Jumatatu, na kwamba habari hizi zisitoke nje ya chumba. Katibu alimwambia dereva tu, tena kwa siri. Ilipofika saa kumi jikoni walikuwa wanajua kwamba kura zililingana na kwamba Mkaguzi ndiye aliyekata shauri. Habari ya mabakuli kubadilishwa dereva hakuisambaza, kwa sababu hakuielewa.

Siku tatu zilizofuata Mkaguzi aliishi kwa tahadhari ya mtu aliyebeba trei ya mayai. Mkewe hakumuuliza kitu, na kutoulizwa huko kulikuwa kukali kuliko swali. Alimpakulia chakula kwa wingi, akamkunjia mashati, na kila alipopita nyuma ya kiti chake alivuta pumzi kana kwamba anataka kuanza sentensi, kisha akaendelea kupita. Ijumaa Wifi Mkubwa alimpa chapati nyingine. Hii ilikuwa imeungua upande mmoja, na Mkaguzi alihangaika siku nzima kutafsiri ni upande upi.

Jumapili asubuhi alivaa, akakaa kitandani kwenye ukingo, akavaa saa, akaivua, akaivaa tena.

"Unasubiri nini?" alisema Wifi Mdogo kutoka mlangoni. Alikuwa ameshika bakuli lililofunikwa kwa sahani na kufungwa kitambaa. "Twende, Bwana Mkaguzi. Pweza hasubiri mtu."

"Nilidhani utakuwa na kazi."

"Nilitafuta. Sikuipata."

Nyumba ya marehemu ilikuwa na chumba kimoja cha mbele, meza ya miguu mitano, wa tano ukiwa wa kuongezewa, na dirisha linalotazama kamba za nguo za majirani. Wifi Mkubwa alikuwa ameshaandaa samaki, pweza, na bakuli lake. Hakukuwa na yai popote. Wifi Mdogo akatua la kwake kando ya lile. Wakasalimiana, wakaulizana habari za kulala, wakajibiana kwamba ni njema, kisha wakaketi pande mbili za meza na Mkaguzi katikati, kama ule ulimi wa mizani unaosimama kati ya sahani mbili.

Walikula. Mkaguzi alichovya mara tatu huku, mara tatu kule. Kila kitu kilikuwa mahali pake: chachu kwa dada, kali kwa mke. Ndipo Wifi Mkubwa, huku akimchambua samaki mwiba, akasema kana kwamba anazungumza na samaki:

"Wifi, Alhamisi nilimwaga taka za jikoni."

"Ahsante, wifi."

"Kwenye ndoo yako nilikuta maganda ya ndimu. Nikayahesabu, maana siku hizi tunahesabu kila kitu. Yalikuwa ishirini." Akauweka mwiba kando ya sahani. "Wewe na ndimu mmepatana lini?"

Wifi Mdogo alitafuna pole pole mpaka akamaliza.

"Mimi nami, wifi, nilifungua mkebe wangu wa sukari nikaukuta umeshuka vidole viwili. Nikasema, panya wa kantini yetu siku hizi wanakoroga chai."

Wifi Mkubwa akamgeuza samaki upande wa pili.

"Kijiko kimoja tu," alisema Wifi Mkubwa.

"Vidole viwili vya mkebe si kijiko kimoja. Na pilipili je?"

"Na pilipili. Haya, na pilipili."

"Kwa nini, wifi?"

"Kwa nini nini? Watu kutwa wanakuja dirishani, 'Wifi Mkubwa, nipe ile ya Wifi Mdogo.' Mimi ni kiziwi? Nilitaka nishinde."

"Kwa sosi yangu?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ungeshinda, ningekuwa nimeshinda mimi."

"Lakini barua ingekuwa na jina langu." Akamwelekezea kidole chenye mafuta. "Na wewe usijifanye mtakatifu. Ndimu ishirini!"

"Mimi nilifikiri wazee wa idara ni watu wa zamani, watataka ya mama," alisema Wifi Mdogo, na sauti yake ikapungua kidogo. "Na ya mama ni yako. Siku zote nimejua ni yako. Nilikamua mpaka kidole kikachubuka."

"Hebu nione." Wifi Mkubwa alikishika kidole kile, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha kwa makini ya mkaguzi, akakiachia. "Mama naye alikuwa na alama hapohapo," alisema. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. "Ndimu ishirini! Na mimi ninakamatwa na mkebe wa sukari kama mtoto!" Wifi Mdogo akacheka kwanza kwa adabu, kisha bila adabu, hadi akalazimika kuliondoa bakuli lisije likapinduka.

Mkaguzi hakucheka. Kijiko chake kilikuwa kimesimama hewani, nusu ya njia. Alikuwa anapiga hesabu, na hesabu ilikuwa inamjia ikiwa kamili. Ile chachu ya Alhamisi, iliyomfumba jicho na kumwonyesha kiganja cha mama yake, haikuwa ya dada. Alikuwa ameikataa sosi ya mkewe kwa uaminifu wote wa taaluma yake, akaweka alama kwa dhamiri safi, na alama hiyo ilikuwa imeangukia sosi ya mkewe.

Ghafla aligundua kuwa kicheko kimekatika na kwamba anatazamwa kutoka pande zote mbili.

"Na huyu?" alisema Wifi Mkubwa.

"Huyu ndiye aliyekata shauri," alisema Wifi Mdogo. "Mume wangu. Ulipigia ipi?"

"Kura ni siri."

"Siri kwa mkeo?"

"Hasa."

"Kwa dada yako je, aliyekubeba mgongoni?"

"Dada, hilo tulikubaliana tuliache."

"Mwangalie masikio," alisema Wifi Mkubwa kwa wifi yake, juu ya kichwa chake, kana kwamba ni kiti. "Akificha kitu huwa yanapanda. Tangu mdogo. Alikula sukari ya mama, akakana, masikio yakamsaliti."

"Kumbe wizi wa sukari ni wa ukoo."

"Wa ukoo kabisa, wifi. Umeolewa mahali pabaya."

Wakaanza upya. Mkaguzi aliinamia sahani yake. Masikio yalikuwa yanamchemka, na ni kweli huenda yalikuwa yamepanda. Walimpokezana hivyo kwa saa nzima, mmoja akichoka mwenzake akishika, na kati ya mzaha na mzaha walimwongezea pweza bila kumuuliza. Alichovya mara tatu, kisha mara tatu, kisha akapoteza hesabu. Alipogundua kwamba ameipoteza hakuitafuta.

Hakuwaambia alichoweka alama. Hakuwaambia habari ya mabakuli kubadilishwa. Walipoagana mlangoni Wifi Mkubwa alisema, "Jumapili ijayo mje mapema," na hakuna aliyetaja Jumatatu.

Jumatatu saa nne asubuhi karatasi ilibandikwa ubaoni, yenye mihuri miwili, na Mkaguzi akaisoma mikono nyuma.

UAMUZI KUHUSU SOSI YA VYAKULA VYA BAHARINI

1. Zoezi la kuchagua sosi lilifanyika Alhamisi kwa haki, kwa uwazi na kwa kuzingatia viwango vyote vya upimaji, pamoja na kiwango kimoja cha ziada.

2. Sosi ya Kushoto imeshinda kwa kura kumi na mbili dhidi ya kumi na moja. Matokeo haya ni ya mwisho na hayatajadiliwa.

3. Sosi ya Kushoto ndiyo itakayowekwa katika beseni la nne la meza mpya, mara tu itakapobainika ni ipi.

4. Hadi hapo, beseni la nne litabaki tupu, limefunikwa na kufungwa kwa lakiri ya idara.

5. Kwa kipindi hicho cha mpito, ambacho muda wake utatangazwa, sosi zote mbili zitaendelea kutolewa katika mabakuli ya zamani, kando ya meza.

6. Ili haki iendelee kutendeka, Mtunza Vipimo atayabadilisha mabakuli hayo upande kila Jumatano.